Gari Letu la Wamama Halinywi Tena Esansi



Juma lililopita, mbele ya soko la Kadutu, mmoja wenu alituuliza: "Ile pesa ya gari iliishia wapi?" Aliuliza kwa sauti, hata wauza samaki wakageuka. Hakukosea. Pesa ni ya wanachama 41, na sisi watano wa komite ya gari ndio tulioishika. Jumamosi tutasoma hesabu, lakini tunajua wengi hawafiki mkutanoni kwa sababu ya mgonjwa, mtoto au soko. Basi tunaandika hapa yote tangu mwanzo, pamoja na kosa letu.

Mnalijua gari lenyewe, lile Suzuki Carry dogo jeupe tulilonunua likiwa limekwisha kutumika. Linabeba mananasi, maharagwe na mihogo ya wamama wanaopokea mizigo ya Idjwi pale bichi ya Muhanzi, kisha linapanda mlima mpaka Kadutu. Usiku linalala katika parsele ya mama kesiere, na kila mwanachama mwenye mimba anajua mlango wa kugonga.

Mwezi wa 3 mwaka 2022 mlango uligongwa. Dada yetu mmoja alikuwa na uchungu tangu jioni. Shofere aliwasha gari, likakohoa mara mbili, likatoa moshi mweupe, likanyamaza. Moteri ilikuwa imepata moto sana mchana ule katika mpando, na hakuna aliyetuambia. Kulikuwa na mvua, na wenye taksi-moto walikataa kubeba mama katika hali ile. Vijana wa avenyu walimbeba juu ya kiti. Mtoto alizaliwa kando ya njia, chini ya kitenge kilichoshikwa na wamama wanne. Aksanti Mungu, wote wawili wazima. Lakini tangu usiku ule hakuna aliyeweza kutuambia kwamba gari ni kitu cha kungoja.

Fundi wa garaje alituambia moteri imekufa. Nyingine ya mitumba, pamoja na kuifunga, ingekuwa dola 900. Tulikuwa na dola 1 500 katika sanduku. Jambo lilikuwa kama limekwisha.

Ndipo alipokuja mwanetu mmoja wa kartie, ambaye wengi wenu mlimbeba mgongoni. Alikuwa amefanya kazi miaka miwili Kigali, katika garaje moja ambamo wanatoa moteri ya esansi katika pikipiki za zamani na kuweka ya umeme. Huko Kigali si jambo geni tena, kwa maana kampuni ya Ampersand ilianza kutembeza taksi-moto za umeme mwaka 2019. Nairobi nako, kampuni iliyoanza mwaka 2017 kwa jina la Opibus, ambayo sasa inaitwa Roam, ilianza kwa kugeuza magari makubwa ya njia mbaya. Kijana alituambia: "Wamama, msinunue moteri nyingine ya kufa. Nipeni daftari la gari kwanza."

Hapo tulishangaa. Hakuomba pesa wala kufungua boneti. Aliomba daftari. Mama sekretere anaandika kila safari tangu siku ya kwanza, na wengine walikuwa wanamcheka kwa hilo. Daftari lilionyesha kwamba gari linatembea karibu kilomita 24 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, yaani kilomita 600. Kwa mizigo na milima yetu lilikuwa linakunywa karibu lita 80 kwa mwezi. Kwa bei tuliyokuwa tunalipa, nyingine kituoni na nyingine kwa kadafi wakati vituo vimekauka, ni dola 104 kila mwezi.

Kijana akasema: "Watu wote wanauliza gari la umeme linaweza kwenda mbali namna gani. Swali zuri ni lingine: ninyi mnakwenda mbali namna gani?" Sisi hatuendi Uvira. Tunapanda na kushuka katika mji mmoja. Ukitaka gari la kilomita 300, bateri peke yake itakushinda. Ukitaka la kilomita 35, unaweza kuanza kuzungumza.

Alitufundisha hesabu ambayo kila mama anaweza kuifanya. Nguvu ya bateri unaipata kwa kuzidisha volti kwa ampea-saa. Alitaka seli 30 za volti 3 na nukta 2, zikifuatana, ziwe volti 96. Kila seli ni ya ampea-saa 100. Basi 96 mara 100 ni wati-saa 9 600. Gari kama letu, likiwa na mzigo katika mpando, linakula karibu wati-saa 200 kwa kilomita moja. Lakini si vizuri kumaliza bateri yote, unaacha kama sehemu ya tano. Zinabaki wati-saa 7 680, yaani kilomita 38. Sisi tulihitaji 24.

Katika mkutano, koko wetu mmoja alisimama akasema: "Umeme wenyewe wa kuchemsha chai hatuna. Gari litakula nini?" Tulicheka, lakini ni swali la kweli. Tunakaa juu ya mto Ruzizi, ambao bwawa lake la kwanza lilijengwa miaka ya 1950 na la pili likaanza kazi mwaka 1989, na bado tunalala gizani. Tulikaa juma tatu tukiandika saa ambazo umeme unafika kwetu. Tukaona kwamba mchana hautabiriki, lakini baada ya saa tano ya usiku, watu wakilala, siku nyingi unarudi. Gari nalo usiku halina kazi. Shaje inahitaji saa tano au sita kwa bateri iliyotumika yote, na yetu haitumiki yote.

Mwingine aliuliza kuhusu Kolwezi. Ana ndugu huko, na anajua kobalti inatoka namna gani na kwa mikono ya nani. Alisema hataki gari linalotembea kwa machozi ya watoto wa Katanga. Hilo nalo tulilipeleka kwa kijana. Alitueleza kwamba bateri si za namna moja. Zile za simu na za magari mengi makubwa zina kobalti, lakini seli alizotaka ni za litiamu, chuma na fosfati, hazina kobalti ndani. Ni nzito zaidi kidogo, lakini ni za bei nafuu, zinadumu, na hazishiki moto upesi kama zile nyingine. Shaba ya waya na ya moteri, hiyo huenda ilitoka kwetu ikazunguka dunia ikarudi.

Tulipiga kura. 27 walikubali, 14 walikataa. Mpaka hapo tulikuwa tumefanya mambo vizuri.

Sasa kosa letu. Seli mpya, mpaka zifike Bukavu, ni dola 55 kila moja. Mwezi wa 7, mtu mmoja alitujia na seli za mitumba, akasema zimetoka katika antena za simu, bado nzuri, ampea-saa 100 kila moja, dola 30. Kijana wetu alikuwa safarini. Muuzaji alisema kuna mnunuzi mwingine anayezitaka kesho yake. Sisi watano tulitazamana, tukahesabu faida, tukanunua 16 siku ileile, dola 480. Hatukuuliza mkutano. Tulijiambia mtafurahi.

Kijana aliporudi hakusema neno baya. Alichaji zote, akachukua 4, akaziunga, akafunga juu yake taa ya mbele ya gari, ya wati 55. Akasema taa hii inakula ampea 4 na kidogo. Ikiwa seli ni za 100 kweli, itawaka saa 23. Aliiwasha saa moja ya jioni katika nyumba ya mama kesiere. Kama muuzaji alisema kweli, ingezimika kesho yake saa kumi na mbili ya jioni.

Tulikaa. Tulipika chai, tulichambua maharagwe, tulijifanya tunazungumza mambo mengine. Hakuna aliyekwenda kulala. Saa tisa ya usiku mwanga ulianza kuwa wa njano. Saa kumi taa ilizimika. Saa 9 badala ya 23. Tulikuwa tumenunua seli zilizobakiza chini ya nusu ya nguvu zao. Tulipomtafuta muuzaji, simu yake haikupatikana tena.

Tuliwaza njia ya kujiokoa. Mmoja wetu akasema: tutumie hizi 16, tununue mpya 14, na nyingine tutanunua polepole kila mwezi, kama likirimba. Kijana alikataa kabisa. Alisema seli zilizofungwa mfululizo ni kama watu waliofungwa kamba moja katika mlima. Iliyochoka inakwisha kwanza, na hapo inaharibika, inapata joto, na zote zinasimama kwa ajili yake. Zinunuliwe pamoja, ziwe za namna moja na za umri mmoja. Bateri si likirimba.

Tulikaa kimya mbele yenu majuma mawili. Hilo ndilo linalotuumiza zaidi kuliko dola 480. Mlikuwa mnatusalimu kanisani, mnatuuliza habari ya gari, na sisi tunajibu "inaendelea vizuri". Mwezi wa 9 tulisimama katika mkutano tukasema yote. Wanachama watatu waliondoka siku ile, na mmoja hajarudi mpaka leo. Tulikubali kurudisha pesa hiyo kutoka mifuko yetu: watu watano, dola 8 kila mwezi kwa mwaka mmoja, ambayo ni dola 96 kila mtu na 480 kwa wote. Malipo ya mwisho yaliingia, na mama prezidanti ana daftari la hayo.

Baada ya hapo tulikwenda kwa utaratibu. Seli mpya 30 zilipita bandari ya Dar es Salaam na kutufikia mwezi wa kwanza mwaka 2023. Kabla ya kumaliza kulipa, tulipima 4 kwa taa ileile. Ilizimika baada ya saa 23 na dakika chache. Watoto wa parsele walipiga kelele kama timu imefunga goli.

Kazi ya kugeuza ilichukua majuma saba. Vilitoka moteri, tanki, radiatere na bomba la moshi. Ilibaki sanduku la gia, kwa sababu kutengeneza chuma kimoja cha kuunganisha moteri ya umeme na gia ni rahisi kuliko kubadilisha yote. Seli ziliingia katika kasha la chuma chini ya sakafu, karibu na mahali tanki lilipokuwa, ili uzito ukae chini. Uzito wa gari haukubadilika sana. Jambo moja tusilolijua: breki za gari hilo zilikuwa zinasaidiwa na mvuto wa hewa wa moteri ya zamani. Ukiitoa bila kuweka pampu ndogo mahali pake, pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Katika mji wa milima kama wetu, anayesahau pampu hiyo anachimba kaburi.

Hizi ndizo gharama. Seli dola 1 650. Moteri na kifaa cha kuiongoza 1 050. Shaje, kifaa cha kulinda seli na kile cha kuwasha taa na honi 380. Kasha, chuma cha kuunganisha, waya, fyuzi na pampu 340. Kazi ya fundi 400. Jumla dola 3 820, na juu yake zile 480 zilizopotea. Kila mwanachama alitoa dola 40, sanduku likatoa 1 500, na 1 160 tulikopa katika AVEC ya kartie jirani.

Mnaona wenyewe kwamba moteri ya mitumba ya dola 900 ilikuwa rahisi kuliko hii. Waliopiga kura ya kukataa hawakuwa wajinga. Lakini sasa gari linatembea tangu mwezi wa 4 mwaka 2023. Faktiri ya umeme iliongezeka dola 17 kwa mwezi. Zamani esansi ilikuwa 104. Tofauti ni dola 87, bila kuhesabu mafuta ya moteri, plagi na filta ambazo hatununui tena. Ukigawa zile 2 920 tulizotoa zaidi ya bei ya moteri ya mitumba, tunahitaji miezi 34 kuzirudisha. Kiwanda kinaandika kwamba seli zinaweza kuchajiwa mara 2 000. Kwa siku 300 kwa mwaka ni zaidi ya miaka 6. Basi miaka mitatu ya kwanza gari linajilipa lenyewe, na miaka inayofuata linatulipa sisi.

Hatutaficha yasiyo mazuri. Kavumu hatuendi tena. Kwenda na kurudi ni mbali mno kwa bateri yetu, na wenye mizigo ya huko wanalipa gari jingine. Umeme ukikatika usiku mbili mfululizo, gari linalala. Tulipewa tumaini kwamba katika mteremko moteri itarudisha nguvu katika bateri. Ni kweli inarudisha, lakini sisi tunapanda na mzigo na kushuka watupu, kwa hiyo kinachorudi ni kidogo. Faida yake kubwa ni kwamba breki hazichoki. Tena gari halina sauti. Watoto wanaocheza njiani hawalisikii, na mara moja shofere alimkosa mtoto kwa mkono mmoja tu. Sasa anapiga honi kila kona na kwenda polepole katika avenyu. Wazazi, waambieni watoto.

Kwa wanaotuuliza kama nao wanaweza: anzeni na daftari, mwezi mzima, kilomita na lita. Kama gari lako linakwenda mbali kila siku, au halitembei sana, usibadilishe, hutarudisha pesa yako. Kama una taksi-moto ya kijana wako, hesabu ni ndogo: bateri ya volti 72 na ampea-saa 40 ni wati-saa 2 880, na unaweza kujaribu bila kukopa gari zima. Chunguzeni gari lenyewe kwanza. Gari lenye chasi iliyooza halifai kuwekewa moteri mpya ya namna yoyote. Ulizeni mapema habari ya karte roze na asiransi. Na msiruhusu mtu asiyejua kugusa kasha. Volti 96 zinaua. Chajini mahali pa wazi penye paa, si chini ya chumba cha kulala, na watoto wakae mbali.

Deni la AVEC pamoja na faida yake lilikuwa dola 1 276. Kwa miezi 14 tofauti ya esansi imetupa 1 218, na zote zilikwenda huko. Zimebaki dola 58. Kama umeme hautatukasirikia, tutamaliza mwezi huu.

Wanawake sita wamepelekwa maternite usiku tangu gari lirudi. Tumeweka sheria: bateri haishuki kamwe chini ya sehemu ya tatu jioni, hata kama mizigo imebaki bichi. Mwenye mananasi anaweza kulalamika, na wanalalamika kweli. Mtoto aliyezaliwa kando ya njia sasa ana miaka miwili na anapenda kukaa mahali pa shofere na kupiga honi.

Jumamosi saa nane, njooni na maswali. Daftari litakuwa mezani, na taa ile ya wati 55 tutaileta pia, ili kila mtu aone namna ya kupima seli kabla ya kutoa pesa yake.